Karo zinang'aa lakini ngazi inavunjika: namna ya kutengeneza pua ya ngazi yenye kudumu

Butembo na Beni, nyumba za etaji zinaendelea kuota, na nyingi zinawekwa karo tangu mlangoni hadi juu. Lakini mara mingi ngazi ndiyo inaharibika ya kwanza: ukingo unamegeka, karo inatoka, mtu anateleza. Shida haiko sana kwenye karo yenyewe. Iko kwenye zile santimeta chache za mbele ya kila kipandio. Tuangalie namna ya kuzitengeneza ili zilingane na sakafu, zidumu, na zisiangushe mtu.

Pua ya ngazi ni nini?

Kila kipandio kina sehemu mbili: ile iliyolala, ambayo mguu unakanyaga, na ile iliyosimama, ambayo ncha ya kiatu inagonga wakati wa kupanda. Pale zinapokutana, kwenye ukingo wa mbele, mafundi wetu wanapaita kwa Kifaransa « nez de marche », yaani pua ya kipandio. Hapa tutasema pua ya ngazi.

Pua hiyo ina kazi tatu. Ya kwanza ni kubeba. Mtu anaposhuka, uzito wake wote unatua mbele ya kipandio. Mtu wa kilo 70 aliyebeba mfuko wa simenti wa kilo 50 anaweka kilo 120 juu ya sehemu isiyozidi kiganja cha mkono. Ya pili ni kushika mguu usiteleze. Ya tatu ni kuonyesha jicho mahali kipandio kinapoishia.

Pua ikishindwa kazi moja kati ya hizo tatu, ngazi inakuwa mtego. Na anayenaswa si yule kijana mwenye nguvu. Ni mama mwenye mtoto mgongoni ambaye haoni miguu yake, ni mzee anayeshuka akishika ukuta, ni mbebaji mwenye mzigo kichwani, ni wanafunzi wanaoshuka mbio kengele ikilia. Mzee akivunjika nyonga, gharama ya lopitali inapita mbali bei ya karo za ngazi nzima.

Kwetu ngazi haziko za matajiri tu. Butembo ni mji wa vilima. Hata nyumba isiyo na etaji, kama parseli imeinama, inahitaji vipandio vitatu au vinne ili kufika mlangoni. Vipandio hivyo vya nje ndivyo vinapigwa na mvua na kupakwa matope mekundu ya viatu kila siku. Tena, tangu janga la Ebola lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, vyombo vya kunawia mikono viliwekwa kwenye milango mingi ya Beni na Butembo. Ni kitu kizuri. Lakini pale vinaposimama karibu na ngazi ya karo laini, maji yanayodondoka yanafanya kipandio kiwe kama sabuni.

Juu ya nini pua zinavunjika?

Sababu ya kwanza ni mkato wa mshazari. Fundi anakata karo ya juu na karo ya mbele kwa digrii 45, kisha anaziunganisha ncha kwa ncha. Siku ya kukabidhi kazi inapendeza sana, kwani huoni kiungo. Lakini pale kwenye ncha, karo imebaki nyembamba kama ukucha. Inatosha chupa ya gazi igonge mara moja, na kipande kinaruka. Mkato huo unafaa kwenye pembe ya ukuta au ya dirisha, mahali ambapo hakuna anayekanyaga.

Sababu ya pili ni utupu chini ya karo. Fundi anaweka mafungu matano ya kola au ya simenti, moja kila pembe na moja katikati, kisha anabandika. Ukingo unabaki umeelea hewani. Karo ni ngumu lakini haipindi: ikikanyagwa mahali ambapo chini hakuna kitu, inapasuka.

Sababu ya tatu ni kutu. Chuma kikishika kutu kinavimba, kwani kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kikiwa ndani ya simenti, kuvimba huko kunapasua ukingo kutoka ndani. Ndio maana unaona ngazi za nje zenye mstari wa rangi ya kahawia, kisha ufa, kisha kipande kinaanguka.

Sababu ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: pua inafikiriwa mwisho. Kwenye devi wanaandika karo, simenti, mchanga na kazi. Pua haimo. Karo zikishamalizika, ndipo mwenye nyumba anaona ukingo ni mkali na anaomba fundi aweke kitu. Fundi anabandika ukanda wa plastiki au wa aluminiamu juu ya karo. Ukanda huo unasimama milimeta kadhaa juu ya sakafu, unakwaza vidole, na mwisho unang'oka. Pua inapangwa kabla ya karo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inatoa kimo ambacho karo zote zitafuata.

Ilingane kwa mguu, itofautiane kwa jicho

Watu wengi wanapenda pua iwe na rangi ileile ya sakafu, hadi ngazi ionekane kama kitambaa kimoja. Hapo kuna hatari. Mtu akiangalia kutoka juu, vipandio vyote vinachanganyika, hajui kimoja kinaishia wapi. Kura ikikatika usiku, akishuka na tochi ya simu, ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo tuelewane juu ya maana ya kulingana. Pua ilingane na karo kwa kimo: ukipitisha kidole toka karo kwenda pua usisikie ngazi nyingine ndogo. Ilingane pia kwa ugumu, isilike haraka kuliko sakafu inayoizunguka. Lakini kwa rangi, iache mstari unaoonekana. Ufaransa, sheria ya majengo yanayopokea watu inataka pua ya ngazi isiteleze, na itofautiane kwa rangi na ngazi nyingine kwa upana wa angalau santimeta 3. Kipimo hicho ni rahisi hata kwetu: karo nyeupe, mstari wa kijivu kizito; karo ya kahawia, mstari mweupe au wa njano.

Jambo lingine ni kimo cha vipandio. Mguu unajifunza mwendo wa ngazi kwa vipandio viwili vya kwanza, kisha unaendelea bila kufikiri. Mfano: ngazi ilikuwa ya simenti tupu, vipandio vyote santimeta 17. Unaweka karo kwenye vipandio tu, bila kugusa sakafu ya chini wala ya juu. Karo pamoja na kola ni milimeta 12. Basi kipandio cha kwanza kinakuwa santimeta 18.2, na cha mwisho kinabaki 15.8. Hapo juu, mtu anayeshuka ataanza vibaya, na chini atamaliza vibaya. Sakafu zote mbili zipandishwe kimo kilekile, au vipandio vichongwe kwanza.

Njia ya kwanza: chuma cha pembe ndani ya simenti

Hii ndiyo inafaa kwa depo, shule, soko na ngazi zote zinazopitisha mizigo. Sakafu inaweza kuwa simenti laini au karo.

Unanunua kornieri, yaani chuma cha pembe, cha milimeta 30 kwa 30 na unene wa milimeta 3. Kwa msudere, kinachomewa miguu ya chuma cha beto cha milimeta 6, yenye urefu wa santimeta 10 hivi, kila baada ya santimeta 30. Miguu hiyo inapindwa mwishoni kama ndoana ili ishike ndani ya beto. Kornieri isiyokuwa na miguu inashikwa na simenti kwa uso tu. Baada ya muda inalegea, na ukikanyaga unasikia inalia.

Kabla ya kuipachika, futa kutu yote kwa brosi ya chuma, kisha paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, pamoja na sehemu zilizochomewa. Kwa ngazi ya nje, heri chuma kilichopakwa zinki au inoksi. Bei iko juu, lakini hutarudia kazi.

Kimo kinapimwa kwa karo. Kama karo na kola yake zitachukua milimeta 12, mgongo wa kornieri usimame milimeta 12 juu ya beto, sawasawa na uso wa karo utakavyokuwa. Mwaga simenti chini yake, gongagonga chuma kwa nyundo kidogo kidogo ili hewa itoke, hadi simenti ijitokeze pande zote. Acha nafasi ya milimeta 2 kati ya chuma na karo, uijaze baadaye kwa joenti.

Chuma kitupu kinateleza kikilowa. Kwa hiyo omba msudere akate mistari juu yake kwa mashine ya kukatia kabla ya kupaka rangi, au nyuma ya chuma acha mfereji wa santimeta 4 wa kujaza simenti yenye mchanga mkali.

Kuna pia pua za aluminiamu zinazouzwa tayari pamoja na karo zinazopita Kasindi. Ni nzuri kwa nyumba za kuishi, lakini chagua zenye mistari ya kushika mguu na zenye kimo sawa na unene wa karo yako. Bawa la chini linazamishwa ndani ya kola, halibandikwi juu. Na fundi afute haraka simenti mbichi inayomwagikia aluminiamu, kwani inaila na kuacha madoa yasiyotoka.

Njia ya pili: granito

Ukiingia katika majengo ya zamani yaliyojengwa wakati wa Wabelgiji, misheni, shule au lopitali, utaona mara nyingine ngazi za granito: simenti iliyochanganywa na vijiwe, kisha ikasuguliwa hadi ikawa laini. Miaka mingi imepita, mamilioni ya hatua, na pua zake bado zimeshika. Sababu ni kwamba granito haina ngozi nyembamba ya kumenyeka. Ikilika, ndani ni sawa na juu.

Njia hii inaturuhusu kupata pua inayofanana na karo bila kununua kitu cha mbali. Vipande vya karo vilivyobaki baada ya kukata, ambavyo kwa kawaida vinatupwa, vinapondwa hadi kuwa vijiwe vya milimeta 3 hadi 8. Lakini angalia kwanza ndani ya karo. Ikiwa rangi ya ndani ni ileile ya juu, na kipande ni kigumu kukiponda, kinafaa. Ikiwa ndani ni udongo mwekundu laini wenye rangi juu tu, tafuta vijiwe vya kweli.

Changanya simenti sehemu moja na vijiwe sehemu mbili. Maji yawe kidogo: mchanganyiko ushikamane mkononi lakini usitiririke. Ukitaka rangi, weka unga wa rangi ya simenti, usizidi sehemu 5 kwa 100 za uzito wa simenti, kwani unga mwingi unadhoofisha. Usichague rangi kwa kuangalia mchanganyiko mbichi. Simenti yenye maji ni nyeusi zaidi. Mwaga vipande vitatu vya majaribio, viache wiki moja vikauke, ndipo uviweke karibu na karo na kuchagua.

Funga ubao wa kofraji mbele ya kipandio, mwaga ukanda wa upana wa santimeta 6 hadi 8 na unene usiopungua santimeta 2, ushindilie vizuri. Funika na magunia yenye maji. Baada ya siku nne au tano unaanza kusugua kwa jiwe na maji, na unauzungusha ukingo kidogo, kama ncha ya kidole kidogo. Ukingo wa mviringo haumegeki haraka na haumkati mtoto akianguka. Usiusugue hadi ung'ae kama kioo. Sehemu ya juu ibaki na ukali kidogo.

Njia ya tatu: mbao ngumu

Beni iko karibu na msitu, na mbao za kutoka huko zinapita kila siku. Pua ya mbao juu ya kipandio cha karo au cha simenti inapendeza, na kwa ngazi za ndani inaweza kudumu kama mbao ni ya kweli. Mvule ni chaguo zuri: ni mgumu na hauliwi haraka na wadudu. Chukua sehemu ya moyo wa mti, si ile nyeupe ya karibu na ganda. Kaliptusi ya vilima vya Lubero iko ya bei nafuu, lakini inajipinda na kupasuka ikikauka. Kwa pua ya ngazi, iache.

Adui wa pua ya mbao ni kukosa kukauka. Mbao mbichi ikishafungwa inapungua, nafasi inafunguka kati yake na karo, uchafu na maji vinaingia. Nunua mapema, panga mbao ndani ya nyumba na vijiti katikati ili hewa ipite, ziache miezi kadhaa kabla ya seremala kuzigusa.

Unene uwe santimeta 3, upana 8 hadi 10. Ukingo wa mbele uzungushwe. Fungia kwa vizi vya milimeta 60 na plagi ndani ya beto, kila santimeta 25, mstari wa kwanza na wa pili vikipishana. Kichwa cha vizi kizame ndani, kisha kifunikwe na kizibo cha mbao ileile. Kati ya mbao na karo acha milimeta 3, ujaze silikoni, si joenti ya simenti. Mbao inapumua: mvua inavimba, kiangazi inapungua, na simenti haijui kufuata. Varnishi ya kung'aa usiitumie pale juu. Paka mafuta ya mbao, na chonga mifereji miwili mitatu ya kushika mguu.

Pua iliyovunjika inatengenezwaje?

Kupaka simenti juu ya ukingo uliomegeka ni kupoteza pesa. Kiraka chembamba hakina pa kushikia. Kata ukingo wote kwa mstari ulionyooka, ingia ndani angalau santimeta 3 hadi ufike kwenye beto nzima. Toa vumbi lote, lowesha, paka uji wa simenti, na kabla haujakauka mwaga simenti moja kwa mchanga mitatu, mchanga wa mto ulioshwa usio na udongo.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi wanairuka: kungoja. Simenti haiwi ngumu kwa kukaukiwa na maji, inakuwa ngumu kwa kuyanywa. Iloweshwe siku saba, ifunikwe magunia. Butembo, ambako usiku ni baridi, inakomaa polepole kuliko Beni. Mwenye magazini akifungua ngazi kesho yake ili asipoteze wateja, atakuwa amelipa fundi mara mbili.

Hesabu na devi

Tuseme toka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3 na santimeta 6. Ukigawa kwa vipandio 18, kila kimoja ni santimeta 17. Upana wa kukanyaga uwe 29. Kanuni ya Mfaransa François Blondel, ya karne ya 17, ambayo wajenzi wanaitumia hadi leo, inasema vimo viwili ukijumlisha na upana mmoja vikaribie santimeta 63. Hapa: 17 mara mbili ni 34, ukiongeza 29 ni 63. Vizuri.

Kama ngazi ina upana wa mita 1.20, pua 18 ni mita 21 na santimeta 60. Usisahau ile ya mwisho, kwenye ukingo wa sakafu ya juu. Hiyo ndiyo inasahauliwa mara mingi, na ndiyo mtu anakanyaga ya kwanza akianza kushuka. Kornieri inauzwa kwa mita 6: kila moja inatoa vipande vitano, ukipunguza milimeta chache kwa ajili ya mkato. Basi unahitaji nne.

Yote hayo yaandikwe kwenye devi kabla ya kuanza: pua ya aina gani, mita ngapi, itashikwa namna gani, rangi gani. Fundi mzuri hatakasirika. Maandishi yanamlinda yeye pia, kwani hakuna atakayemwomba mwishoni kazi ambayo haikupangwa.

Kabla ya kumaliza kulipa

Fanya majaribio manne, fundi akiwepo.

Moja, gonga kila pua kwa mpini wa nyundo kutoka kushoto hadi kulia. Ikitoa sauti ya utupu, ifunguliwe.

Mbili, laza rula toka karo hadi pua. Isichezecheze.

Tatu, mwaga maji juu ya kipandio kimoja, ushike ukuta, ukanyage polepole na kandambili. Ukisikia mguu unakimbia, kila mtu atakayepita atasikia hivyo siku ya mvua.

Nne, ngoja giza liingie, simama juu kabisa na tochi ya simu, uangalie chini. Hesabu vipandio kwa macho. Kama huwezi kuvihesabu, mstari wa rangi haujatosha, na kuuongeza leo, fundi akiwa bado na vyombo vyake hapo, ni kazi ya nusu siku tu.